Sanduku la Barafu Lililokwenda Manda

Je, kimeng'enya cha tondo kilikufa ndani ya sanduku letu la barafu, au tangu mwanzo hakikuwa cha tondo? Nimefanya kazi ya protini kwa miaka ishirini na minane, nimestaafu kwa hiari nikiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na swali hilo bado siwezi kulijibu. Nalitanguliza hapa kwa sababu vijana wanaoniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa wakati wetu hudhani kwamba mtu akistaafu huondoka na majibu. Mimi niliondoka na madaftari kumi na manane, macho yaliyochoka, na swali hilo.

Siku ya kwanza nilifika kituoni saa mbili kasorobo asubuhi. Kituo kilikuwa Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Amu, hatua chache kutoka nyumba niliyozaliwa, katika nyumba ya kale ya mawe ambayo wenyewe walikuwa wamehamia Mombasa. Nilitoka chuo kikuu nikiwa na picha ya maabara kichwani: vigae vyeupe, madirisha makubwa, harufu ya dawa. Nilikuta kuta nene za matumbawe na safu za zidaka ukutani, vile vijishubaka ambamo bibi zetu walipanga sahani za kigeni. Katika zidaka hizo sasa zilipangwa chupa za asidi na mirija ya kioo. Nyumba ilikuwa na ubaridi wake wa asili, na baadaye nilikuja kuelewa kwamba hiyo ndiyo sababu ilichaguliwa.

Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole wa sauti na mkali wa maneno. Alinipokea akiwa amevua viatu mlangoni, kama desturi ya nyumba zetu inavyotaka, na amevaa kandambili za maabara.

"Shahada yako ni ya nini?"

"Ya biokemia, Bwana Mkuu."

"Vizuri sana. Osha mirija."

Niliosha mirija kwa siku tisa. Siku ya pili alinyanyua mmoja, akautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Umesuuza mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Protini haijui kwamba umechoka. Suuza mara sita."

Hakunieleza sababu, nami sikuuliza. Nilikuwa msichana wa Mkomani aliyefunzwa kutomhoji mkubwa. Sababu niliiona mwenyewe mwezi uliofuata. Tone la sabuni lililobaki kwenye mrija hufanya kwa protini kile linachofanya kwa mafuta ya sufuria: huishika, huifumua, na protini iliyofumuliwa haifanyi kazi tena. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii, na ingekuwa mimi ninayefundisha ningelitanguliza kabla ya fomula yoyote. Protini ni umbo. Ukiharibu umbo umeharibu kila kitu, hata kama hukupoteza chembe moja ya kilichomo.

Kazi yetu ilikuwa juu ya tondo. Wasomaji wa bara huenda hawamjui. Ni konokono wa matopeni, gamba lake refu limesokotwa kama pembe, naye huishi chini ya mikoko na hula majani yanayoanguka. Wavuvi wengine humtia chambo. Jani la mkoko si chakula chepesi. Limejaa tanini, ile rangi nyekundu iliyo pia katika magome ambayo wazee walikuwa wakisindikia ngozi. Tanini huikamata protini na kuigandamiza. Ndivyo ngozi mbichi inavyogeuka ngozi ngumu. Sasa tumbo la mnyama yeyote humeng'enya kwa vimeng'enya, na vimeng'enya ni protini. Inakuwaje basi tondo ale tanini siku zote, na vimeng'enya vyake visigandamizwe? Mkuu aliamini kwamba tondo anacho kimeng'enya cha kukata nyuzi za majani ambacho umbo lake linaikataa tanini. Kama tungekipata, tukakisafisha, tukajua umbo lake, tungekuwa tumeeleza jambo ambalo hakuna aliyelieleza.

Tondo waliletwa na Bwana Athmani wa Kipungani, mkusanyaji wa sampuli wa kituo. Wakati huo alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, mwenye ndevu chache na maneno mengi. Alijua kila kijito cha kusini ya kisiwa, na alijua ni mkoko upi una tondo wakubwa na upi una wadogo wanaokula tope badala ya majani. Mkuu aliagiza niende naye angalau mara moja kwa mwezi, ili nijue ninachokisaga kimetoka wapi. Mara ya kwanza nilisimama ukingoni na viatu vyangu vya ngozi.

"Vua, Bi Zena," akaniambia. "Tope hili halijui kama babako ana duka."

"Hakuna ndia nyingine ya kupita?"

"Iko. Ubaki hapo, miye niwaambie tondo waye kukuamkia."

Nilivua. Nilizama hadi magotini, na yeye alicheka hadi akalazimika kushika mzizi. Tangu siku hiyo tulizoeana.

Alikuwa mtu wa kuuliza. Tondo aliwaleta katika kikapu alichokisuka mkewe, na siku moja nilikitumia kikapu hicho kumweleza tunachokifanya. Nilimwambia kwamba ndani ya kila seli kuna vinu vidogo viitwavyo ribosomu. Kiini cha seli hutoa nakala ya maagizo, kama barua, na ribosomu huisoma barua hiyo herufi tatu tatu. Kila herufi tatu hutaja asidi amino moja. Asidi amino ziko aina ishirini. Ribosomu huziunganisha moja baada ya nyingine kuwa mnyororo mrefu. Mnyororo huo, nikamwambia, ni kama ukili ambao mkeo ameusuka: mwembamba, mrefu, haujawa kitu. Kisha hukunjwa, na ndipo unapokuwa kikapu.

Aliuangalia ukili ulioshonwa duara baada ya duara.

"Lakini ukili haujishoni, Bi Zena. Mke wangu huushona kwa sindano. Huo wenu hushonwa na nani?"

Mfano wangu ulikuwa umeanguka, na aliyeuangusha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hujikunja wenyewe," nikasema. "Baadhi ya asidi amino hupenda maji, nyingine huyakimbia. Zinazoyakimbia hujificha ndani, zinazoyapenda hubaki nje. Hilo pekee hutosha kuukunja karibu wote."

"Bila mkono wa mtu?"

"Bila mkono wa mtu."

"Subhanallah," akasema, na hakutania. Kisha akatania: "Basi nami nitampelekea mke wangu habari hii, apumzike."

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Tondo waliachwa na njaa kwa siku nne katika maji safi ya bahari ili majani yatoke matumboni. Nilivunja gamba, nikatoa tezi ya kumeng'enyea chakula, nikaisaga kwenye kinu cha kioo kilichozikwa ndani ya barafu. Nilitia unga mweupe unaonasa tanini iliyobaki, na nilitumia bafa, yaani maji yenye chumvi za fosfeti zinazozuia uchachu usibadilike hovyo. Halafu mashine ya kuzungusha, ambayo iliutupa mchanga na ngozi chini ya mrija na kuacha maji ya manjano juu. Maji hayo niliyapitisha katika mnara mwembamba wa kioo uliojaa shanga ndogo kuliko chenga za wali. Protini kubwa haziwezi kuingia ndani ya matundu ya shanga, hivyo hupita haraka. Ndogo huingia na kuchelewa. Chini ya mnara nilibadilisha mrija kila baada ya dakika tano, na kila mrija tuliuita fungu.

Kila fungu lilipimwa mara mbili. Kwanza, lina protini kiasi gani: rangi ya hudhurungi ikigeuka buluu, ipo. Pili, lina kazi gani: nililiacha na nyuzi za majani zilizosafishwa, nikatia dawa ya manjano, nikachemsha. Kama nyuzi zimekatwa na sukari imetoka, manjano hukolea kuwa rangi ya chungwa lililoiva. Mkuu alinifunza kuandika kila kitu katika daftari, kwa wino, hata kilichomwagika.

Katika mwaka wangu wa tatu, fungu la kumi na tisa lilikolea. Nilitia tanini makusudi, nikarudia, lilikolea vilevile. Nilirudia siku tatu mfululizo. Mkuu alikuja akasimama nyuma yangu, akiwa na kikombe cha chai kilichopoa mkononi.

"Rudia tena," akasema.

Nilirudia.

"Sasa usirudie," akasema. "Usije ukakimaliza."

Hatukuwa na vifaa vya kutazama umbo. Kwa hilo protini hugeuzwa fuwele, kama chumvi inavyofanya fuwele, kisha hupigwa miale ya eksirei, na madoa yanayotokea hufasiriwa kwa hesabu hadi umbo likaonekana. Kazi hiyo ilifanywa Nairobi. Tuligawa fungu la kumi na tisa katika mirija kumi na miwili, tukaitia katika sanduku la barafu, ipelekwe kwa ndege ya mchana kutoka uwanja wa Manda, kisiwa cha ng'ambo. Bwana Athmani ndiye angevuka nalo na kulikabidhi.

Hapa nataka niandike polepole. Barafu tuliyopata asubuhi ile ilikuwa kidogo na ilianza kutoa maji. Ami yangu alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Tangu utotoni nilimwona akipanga kamba na changu katika masanduku ya kupanda ndege, na kila tabaka la barafu akilinyunyizia chumvi ya mawe. Samaki wake walifika Nairobi wakiwa wagumu kama ubao, na alijisifu kwa hilo. Nilikwenda ghalani kwake, nyumba ya tatu kutoka kituoni, nikachota makonzi mawili, nikarudi nikainyunyiza chumvi ile juu ya barafu yetu. Niliona kwamba ninaongeza uangalifu. Baridi ni nzuri kwa protini, kwa hiyo baridi zaidi ni nzuri zaidi. Sikuandika katika daftari. Haikunipitikia kwamba jambo la ghalani kwa ami yangu ni jambo la kuandikwa.

Ndege ilichelewa saa nne. Bwana Athmani alikaa na sanduku hadi likapakiwa.

Siku mbili baadaye Nairobi walipiga simu: protini ipo, lakini haifanyi kazi. Mirija yote kumi na miwili. Mkuu aliweka simu chini taratibu sana, akamwita Bwana Athmani ofisini, na mimi niliambiwa nibaki niandike.

"Sanduku ulikaa nalo wapi?"

"Pale bandani, Bwana Mkuu. Kivulini."

"Saa nne?"

"Saa nne. Halikuingia yuani hata kidogo."

"Hukulala?"

"Sikulala."

"Basi protini imejiua yenyewe?"

Bwana Athmani aligeuka. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu kumtazama mwanamke wa watu, na mimi nilidhani ananiomba nimwombee msamaha. Niliinamisha macho kwenye karatasi. Nilimhurumia, na niliamini kwamba alilala.

Barua ya kumwachisha kazi niliiandika kwa mashine mimi mwenyewe, Mkuu akitaja maneno: uzembe, kuacha sampuli juani. Kipungani habari ilifika kabla yake. Walimpachika jina la Bwana Barafu, na jina likashika. Alirudi kwenye uvuvi wa karibu na kusaidia kupeleka mikeka sokoni. Kila tulipokutana barabarani aliniamkia kama kawaida, nami nilimwitikia.

Tulijaribu tena kukipata kimeng'enya kile. Msimu uliofuata, na uliofuata huo. Fungu la kumi na tisa lilitoka, protini ilikuwemo, lakini rangi haikukolea kama ilivyokolea mara ya kwanza. Mkuu alizeeka katika jambo hilo. Kisha nikahamishiwa Nairobi.

Katika maabara kubwa nilikuwa chini ya Mkuu wa Idara ya Miundo, bibi mmoja mwenye sauti nzito ambaye hakuwahi kuinuka kitini kwa ajili ya mtu ila aliinuka kwa ajili ya fuwele. Kwake nilijifunza kwamba kukuza fuwele ya protini ni kusubiri. Miezi sita inaweza kwenda kwenye tone moja lililoning'inia chini ya kioo. Mwaka wangu wa pili hapo, mwanafunzi mmoja alileta kimeng'enya kilichokufa, naye alikuwa amekihifadhi vizuri, kwenye bafa ya fosfeti, ndani ya friza.

"Nani alikwambia ukigandishe?" bibi akamuuliza.

"Nilidhani baridi zaidi ndiyo salama zaidi."

"Wewe na friji ya mama yako!" Sote tulicheka. Kisha akaeleza. Bafa ile ina chumvi mbili za fosfeti zinazoshikilia mizani ya uchachu. Maji yakianza kuganda, moja kati ya hizo hujitenga na kuwa fuwele kabla ya nyingine. Mizani inavunjika, uchachu unapanda ghafla ndani ya matone madogo ambayo bado hayajaganda, na protini zimesongamana humo. Nyingi hufumuka. Ukiziyeyusha, zimo zote, lakini ni nyuzi tu.

Niliendelea kuandika, nikiyakumbuka yale makonzi mawili ya chumvi. Barafu tupu hukaa kwenye sifuri, na bafa yetu isingeganda hapo. Barafu yenye chumvi huteremka nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Ndiyo maana samaki wa ami walikuwa kama ubao. Juma lile nilifanya jaribio peke yangu: kimeng'enya cha kawaida, bafa ileile, sanduku moja la barafu tupu na jingine la barafu yenye chumvi. Cha barafu tupu kiliishi. Kingine kilikufa.

Sikumwambia mtu. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi, kwa hiyo nitasema pia jinsi nilivyojizuia, maana huenda likawafaa kuliko habari za shanga na minara. Nilijiambia kwamba haijathibitika. Kama chumvi ndiyo iliyokiua, mbona misimu iliyofuata, bila kusafirisha kitu, hatukukipata tena? Huenda kilichokolea mara ya kwanza hakikutoka kwa tondo bali kwa bakteria waliokuwa tumboni mwake msimu ule, na bakteria hao hawakurudi. Huenda kilikuwa kinakufa chenyewe mezani petu kabla ya kuingia sandukuni. Hoja hizo ni za kweli. Ningezitetea mbele ya jopo lolote. Nilizitumia kwa miaka mingi. Nilisema mtafiti hatoi hukumu bila ushahidi, nikasahau kwamba hukumu ilikwisha kutolewa, na niliipiga chapa kwa vidole vyangu.

Niliporudi Amu baada ya kustaafu, nilipata ujumbe kutoka kwa Mkuu wa Kituo wa sasa, kijana mwenye shahada ya uzamivu na kompyuta ndogo asiyoiacha hata akienda kunywa maji. Kituo kinaanza tena kazi ya viumbe vya mikoko, safari hii kwa kusoma maagizo ya protini moja kwa moja kutoka kwenye jeni, na kulinganisha vijito vya Kipungani na vya upande wa Kililana. Anahitaji msimamizi wa wakusanyaji. Wazee wa Kipungani walimletea jina moja tu, la Bwana Athmani.

"Mama Zena, karibu, kaa," akaniambia. "Huyu mzee kila mtu anamsifu, lakini faili lake lina barua mbaya. Ofisi ya ajira haiwezi kunipitishia mtu mwenye barua kama hii. Kesho saa tatu nimemwita nimpe jibu. Wewe ulikuwepo. Alikuwa mtu wa aina gani?"

Alinisogezea faili. Barua niliijua kabla ya kuisoma. Hata herufi ya R iliyokuwa ikikwama kwenye mashine yetu niliiona. Nyuma yake, kwa pini iliyoshika kutu, palikuwa na karatasi ndogo ambayo sikuwahi kuiona: stakabadhi ya mapokezi kutoka Nairobi, iliyofika kwa posta baadaye na mtu wa masijala akaiambatisha. Ilisema kwamba sanduku limefunguliwa mara lilipowasili, jioni ileile, na mirija yote kumi na miwili imeganda kama jiwe.

Niliisoma mara mbili. Sanduku lililokaa juani kwa saa nne haliwasilishi mirija iliyoganda kama jiwe. Uthibitisho kwamba Bwana Athmani hakuzembea ulikuwa umebanwa pini nyuma ya barua iliyosema amezembea, miaka yote hiyo, na hakuna aliyegeuza karatasi.

"Mama Zena?"

"Nipe hadi kesho asubuhi," nikamwambia. "Nitaleta jibu kwa maandishi."

Nilikwenda nyumbani, nikaswali alasiri, nikakaa barazani. Nilitenganisha vitu viwili ambavyo nilikuwa nimevikunja pamoja kwa makusudi. Kimoja ni kile nisichokijua: kilichoua kimeng'enya, kama kilikuwa cha tondo. Cha pili ni kile ninachokijua: nani alitia chumvi, nani hakuandika, na sanduku halikukaa juani. Swali la kwanza nilikuwa nimelitumia kama pazia la kuficha jambo la pili. Mkuu wa zamani amefariki, ami pia. Ninalo jina, na wanafunzi, na watu wa Mkomani wanaonisimamisha njiani kuniulizia watoto wao masomo. Yote hayo niliyatazama, kisha nikaandika barua kabla ya magharibi. Ilikuwa mistari kumi na mmoja.

Asubuhi nilifika saa mbili u nusu. Bwana Athmani alikwisha fika, amekaa kwenye kiti cha mbao, kofia safi ya kutunga kichwani, ndevu zote nyeupe. Alitaka kuinuka, nilimkataza.

"Bi Zena! Waniamkia na mapema. Yeo kuna nini?"

"Kuna barua, Bwana Athmani. Ya kwako na ya faili lako. Nataka niisome wewe ukisikia."

Mkuu kijana alifunga kompyuta yake. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilisoma kwamba siku ile mimi, bila kumwambia mtu, nilinyunyiza chumvi ya mawe kwenye barafu. Kwamba chumvi ilishusha baridi hadi mirija ikaganda. Kwamba kugandisha protini katika bafa ile ni kosa linaloweza kuiua, na kosa hilo ni langu. Kwamba stakabadhi iliyoambatishwa inaonyesha sanduku halikukaa juani. Niliandika pia kwamba sijui kwa yakini ni nini kilichoiua protini, lakini ninajua kwa yakini si Bwana Athmani.

Vidole vyake vilikuwa juu ya magoti.

"Munyu," akasema.

"Ndiyo. Chumvi. Niliitia mimi."

"Naliuona."

"Uliuona?"

"Tulipokuwa Manda nalifunua kidogo nitizame barafu kama ingaliko. Nikaona munyu mkubwa, ule wa samaki. Nikasema, haya, msomi yuwajua alitendalo."

"Na siku ile ofisini? Mbona hukusema?"

"Miye niseme? Nalikutizama wewe." Hakupandisha sauti. "Nikangoja. Nilipoona huneni neno, nikasema, basi si munyu. Ungalikuwa munyu, Bi Zena angesema. Kisha nikenda zangu nyumbani nikajiuliza: au nililala? Mke wangu naye akaniuliza, au ulilala? Miaka yote hii, wallahi, sijui kama nililala."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Hukulala, Bwana Athmani."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Mkuu kijana alinisogezea kalamu na muhuri. Nilipoinama kutia sahihi, Bwana Athmani alinyanyua mkono.

"Ngoja. Isome tena kwanza, pale pasemapo halikukaa yuani."

Nilipasoma tena. Aliniambia niongeze sauti, nikaongeza. Kisha nikatia sahihi.